SOKOINE: ALIANZIA UCHUKUZI, AKAISHIA BARABARANI

Leo sina picha za harusi wala udaku, nina historia. Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo kafe na dakika zinakimbia, lakini jitahidini mfike mwisho, maana huyu mtu anatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko tunavyodhani.

Kwanza niwaambie kilichonifanya nimtafute. Mwaka jana nilimsindikiza bibi yangu kwenda Mwanza kwa matibabu. Tulifika gatini hapa Nansio alfajiri, tiketi mkononi, bibi kajitanda khanga mbili kwa sababu ya upepo wa ziwani. Chombo hakikuondoka. Saa ya kwanza tukaambiwa tusubiri kidogo. Saa ya pili tukaambiwa fundi yuko njiani. Baada ya hapo hakuna tena aliyetuambia kitu, tukabaki tunaangaliana. Nikaenda kuuliza dirishani. Wa dirishani akanituma kwa wa chomboni, wa chomboni akasema yeye kazi yake ni kuendesha tu, niende ofisini. Ofisini nikajibiwa kwamba mwenye jibu ni mkubwa, na mkubwa yuko Mwanza. Yaani mtu wa kunieleza kwa nini chombo hakiendi alikuwa ng'ambo ya ziwa, na cha kunipeleka kwake ndicho hicho kilichoharibika!

Tulizunguka kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, halafu gari mpaka Mwanza. Bibi alifika usiku, hoi. Lakini kabla hatujaondoka pale gatini kulikuwa na mzee mmoja kwenye benchi, kofia ya kufuma kichwani, akasema kwamba enzi za Sokoine huyo mkubwa angekuja Nansio hata kwa kuogelea. Watu wote kicheko. Na mimi nikacheka. Ila baadaye nikajiuliza, hivi mimi namjua Sokoine? Nimemaliza sekondari, historia nimesoma, na nilichokuwa nakijua ni uwanja wa mpira kule Mbeya, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, na kwamba alikufa kwa ajali. Basi. Ndiyo nikaanza kutafuta, nikagundua kwamba maisha yake tangu ujana mpaka siku ya mwisho yamefungwa na usafiri na Bunge. Shuleni hawakutuambia hilo.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika familia ya Kimasai. Alisoma shule ya Monduli, halafu sekondari ya Umbwe kule Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, akajiunga na TANU. Akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea mambo ya utawala mwaka 1962 hadi 1963, akarudi akawa mtendaji wa serikali katika wilaya ya Wamasai. Mwaka 1965 akagombea ubunge wa Umasaini, akashinda. Alikuwa na miaka 27. Fikirieni wadau, miaka 27! Wengine umri huo bado tunaomba nauli nyumbani.

Miaka miwili baadaye, 1967, Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Kwa wasiofuatilia, naibu waziri ndiye mtu anayesimama bungeni kujibu maswali mara nyingi kuliko hata waziri mwenyewe. Mbunge wa kijijini anauliza barabara yetu itapitika lini, naibu anasimama na karatasi yake. Akimaliza, mbunge anauliza swali la nyongeza, na hilo karatasi haina jibu lake, lazima ulijue kichwani. Kwa kijana wa miaka 29 hiyo ni shule ngumu. Na mwaka wenyewe haukuwa wa kawaida. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao tangu Novemba 1965, Zambia ikabanwa, mafuta yake yakawa yanapita kwa malori kwenye barabara mbovu kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1967 Tanzania na Zambia zikasaini na China makubaliano ya reli ambayo leo tunaiita TAZARA, kilomita 1,860 hivi, na mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi. Wizara aliyoingia Sokoine ilikuwa katikati ya yote hayo.

Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo sisi wa ziwani tunapaswa kulijua, na mimi nimelijua juzijuzi tu. Meli zilizokuwa zinatembea Ziwa Victoria wakati huo hazikuwa za Tanzania peke yake. Zilikuwa chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na makao makuu yake yalikuwa Nairobi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala mwezi Juni 1967, ukaanza kazi Desemba 1967. Reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, ndege Nairobi, posta na simu Kampala, ofisi ya Jumuiya yenyewe Arusha. Sasa jiulizeni, mtu wa Nansio wa mwaka 1968 akilalamika kwamba meli haikuja, mbunge wake akamuuliza nani? Naibu waziri aliyeko Dar es Salaam hana meli. Mwenye meli yuko nchi nyingine, na anawajibika kwa mamlaka ya nchi tatu. Kisa changu cha kutumwa dirisha hadi dirisha kumbe ni cha zamani sana, tofauti ni kwamba wenzetu walitumwa hadi Nairobi.

Tena kuuliza kwenyewe kulikuwa na mipaka. Tangu 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU, na kwa kuwa bila chama huna kiti, ubunge ukaenda nao. Wengine walikuwa wamezoea kusema kwa ukali bungeni. Siwezi kusema Sokoine alihusika maana sijaona popote, alikuwa naibu waziri kijana tu. Ila ndiyo hali ya hewa aliyokulia kisiasa, na ukitaka kumwelewa baadaye inabidi uikumbuke. Bunge lilikuwepo, maswali yaliulizwa, lakini kila mtu alijua ukuta uko wapi.

Mwaka 1970 akapandishwa kuwa Waziri wa Nchi, 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Miaka ya ulinzi nairuka, siyo mada yetu. Twende Februari 1977.

Jamani, mwezi huo! Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limeshakufa, Kenya imeanzisha la kwake. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Tarehe 5 Februari TANU na Afro-Shirazi zikaungana, ikazaliwa CCM. Tarehe 13 Februari Sokoine akaapishwa kuwa Waziri Mkuu badala ya Rashidi Kawawa. Alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo huyu bwana alikabidhiwa ofisi wakati nchi haina shirika la ndege, haina shirika lake la reli, haina mamlaka yake ya bandari, na mpaka wa kaskazini umefungwa. Kila kitu cha usafiri kilichokuwa cha watu watatu kikawa kinagawanywa kama mali za ndoa iliyovunjika, kila mtu anashika alichokikuta nyumbani kwake.

Ndani ya mwaka huohuo zikaanzishwa ATC ya ndege, TRC ya reli na mamlaka ya bandari. Ziwani, mabehewa ya treni yalikuwa yanavushwa na meli mbili pacha, Umoja na Uhuru. Umoja ikabaki kwetu, Uhuru ikabaki Kenya (majina yenyewe utadhani mtu aliyapanga makusudi). MV Victoria, ile iliyoanza kazi 1961, ikawa yetu. Clarias nayo ikawa yetu, ndiyo hiyo ambayo watu wa Nansio wameipanda kwenda Mwanza vizazi na vizazi mpaka ilipopinduka Mei 2024 ikiwa imeegeshwa bandarini Mwanza, na Mungu saidia haikuwa na abiria. Mwaka 1979 ikaja MV Bukoba. Mwaka 1980 ikaja MV Butiama, nayo ikapewa njia ya Nansio.

Kwa mtu wa Ukerewe, kuvunjika kwa Jumuiya kulikuwa hasara upande mmoja, maana vipuri na karakana ya Kisumu vilibaki ng'ambo ya mpaka. Lakini upande wa pili, kwa mara ya kwanza meli ikawa mali ya shirika la serikali ambayo waziri wake anakaa kwenye Bunge letu. Hakuna tena kusingizia Nairobi. Na kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, yule ambaye kwa nafasi yake mawaziri wote wakikwama macho yanamgeukia yeye, alikuwa Sokoine. Nadhani hapa ndipo heshima yake kwa wazee wa ziwani ilipoanzia, japo wenyewe huisimulia kwa vituko vya wahujumu.

Halafu vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, yakavunja daraja la Kyaka. Mwalimu akatangaza vita na Sokoine akapewa kazi ya kuielekeza nchi nzima iihudumie vita hiyo. Malori na mabasi ya watu binafsi, ya mashirika, ya vyama vya ushirika, yakakusanywa kubeba askari na vyakula kutoka pembe zote za nchi mpaka Kagera. Ilikuwa operesheni kubwa ya usafiri na ilifanikiwa, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Ila magari yaliyorudi yalirudi yamechoka, na mengine hayakurudi. Ongeza bei ya mafuta iliyopanda dunia nzima mwaka uleule. Wazee wanakumbuka marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana ili kubana mafuta. Huku ziwani na kule bara ikawa hadithi moja, hakuna vipuri, hakuna dizeli, subirini.

Novemba 1980 Sokoine akaachia ngazi kwa sababu ya afya, nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Akaenda Yugoslavia kusoma. Waziri Mkuu mstaafu anarudi darasani! Mimi hapo nampa heko, maana sisi tukimaliza kidato cha nne tunaona tumeshamaliza dunia.

Tarehe 24 Februari 1983 akarudishwa. Hii awamu ya pili ilidumu miezi 14 hivi tu, lakini ndiyo watu wanayoikumbuka. Mwezi Machi 1983 ikaanza ile kamatakamata ya wahujumu uchumi na walanguzi. Sukari, sabuni, khanga, mabati yaliyokuwa hayaonekani madukani yakakutwa yamefichwa majumbani. Wengine kwa hofu walitupa bidhaa vichakani na majini. Maelfu wakakamatwa.

Hapa sasa tusimame kidogo, maana blogu nyingi zikifika hapa zinapiga makofi tu na kuendelea. Watu walianza kukamatwa kwanza, sheria ikaja baadaye. Bunge likaipitisha Aprili 1983 na ikapewa nguvu ya kurudi nyuma, kuwahukumu watu kwa sheria ambayo siku wanakamatwa haikuwepo. Mahakama maalum, hakuna wakili, hakuna dhamana, hakuna rufaa mahakama za kawaida. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, kesi zikarudishwa Mahakama Kuu. Mimi namkubali sana Sokoine, lakini hili silitetei. Waliokuwa wamekaa pale kwenye viti vya Bunge kazi yao ilikuwa kuuliza kabla, siyo kuitikia baada. Na kama walishindwa kuuliza kwa kiongozi aliyekuwa anapendwa na wananchi kama yeye, ndiyo hatari yenyewe, maana kiongozi mzuri asipoulizwa, atakayemfuata atataka naye asiulizwe.

Turudi kwenye usafiri, kwa sababu mwaka huohuo alifanya kitu ambacho mpaka leo kinatembea barabarani. Dar es Salaam ilikuwa na UDA, shirika la umma lililoundwa 1974 baada ya serikali kuligawa lile shirika la mabasi la zamani, la mijini likawa UDA na la mikoani likawa KAMATA. UDA ndiyo peke yake ilikuwa na haki ya kubeba abiria mjini. Mabasi yakafa moja baada ya jingine kwa kukosa vipuri, watu wakawa wanapanga foleni masaa, na vigari vya watu binafsi vikawa vinabeba abiria kwa kujificha, dereva akiona polisi anakunja kona. Kila mtu aliyajua hayo. Siasa ya wakati ule ilisema usafiri wa umma ni wa umma, na kumruhusu mtu binafsi ni kama kumkaribisha bepari sebuleni.

Mwaka 1983 serikali yake ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria kwa leseni. Nauli ikawa shilingi 5, na shilingi 5 mtaani ilikuwa inaitwa dala, kutokana na dola. Kondakta anapiga kelele dala dala, jina likaganda. Kwa hiyo mdau ukiwa Mwanza umesimama mguu mmoja kwenye daladala ya Kirumba, kichwa kimeinama, kwapa la mtu liko puani, ujue umepanda uamuzi wa mwaka 1983. Kinachonishangaza mimi ni kwamba ni mtu yuleyule na mwaka uleule. Mkono mmoja anakamata wafanyabiashara, mkono wa pili anawafungulia wenye magari mlango. Wengine wanasema alijipinga mwenyewe. Mimi naona aliangalia kituo cha basi, akaona watu wamesimama, akaona nadharia haiwabebi. Alikuwa ameshakaa kwenye wizara ile akiwa kijana, alijua majibu ya kwenye karatasi yana mwisho wake.

Novemba 1983 mpaka na Kenya nao ukafunguliwa baada ya marais watatu kukutana Arusha. Alikuwa ameapishwa mara ya kwanza siku 9 baada ya mpaka kufungwa, na akawa tena Waziri Mkuu ulipofunguliwa. Makubaliano ya mwisho ya kugawana mali za Jumuiya, zikiwemo meli na reli, yalisainiwa Mei 1984. Hayo hakuyaona.

Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anatoka Dodoma kwenye Bunge, anarudi Dar es Salaam kwa gari. Walipofika Dakawa, kabla ya kuingia Morogoro, gari lake la Mercedes likagongana na Land Cruiser lililokuwa linaendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC. Wakati ule ANC ilikuwa na makazi yake hapo Dakawa na shule kule Mazimbu, Tanzania iliwapokea wapigania uhuru wengi. Sokoine akafariki. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni jioni ile, na waliosikia wanasema sauti yake haikuwa ile waliyoizoea. Akazikwa kwao Monduli Juu.

Najua mnachosubiri. Kwamba aliuawa, kwamba ilipangwa, nani alikuwa nyuma yake. Uvumi huo umezunguka kwa zaidi ya miaka 40, na kila Aprili unaamka upya. Mimi sina ushahidi na sitauandika hapa ili nipate wasomaji. Ila nina swali langu la upande mwingine. Kwa nini ajali yenyewe kama ajali hatuijadili? Waziri Mkuu wa nchi alikufa kwenye barabara ileile ambayo wabunge wanaipita kwenda na kurudi kwenye vikao. Tumetumia nguvu nyingi kutafuta nani alimuua, na barabara ikaendelea kuua watu wasio na majina makubwa.

Na ziwa likaendelea. MV Bukoba, ile meli iliyokuja wakati yeye ni Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Hapa Nansio kuna nyumba ambazo mpaka leo tarehe hiyo redio haifunguliwi. Baada ya hapo, mwishoni mwa 1997, meli zikatolewa TRC zikapewa kampuni yake, na vivuko vikawa vya wakala mwingine chini ya wizara ya ujenzi. Mnaona? Meli ina mwenyewe, kivuko kina mwenyewe, mdhibiti naye ni mwingine. Madirisha yameongezeka.

Halafu 20 Septemba 2018, siku ya gulio. Kivuko MV Nyerere kilitoka Bugorora kwenda Ukara, uwezo wake watu 100 hivi, kikapinduka karibu kabisa na kufika Bwisya. Watu zaidi ya 220 walikufa, hapo hapo mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Kumbukeni kwamba mbunge wetu wa wakati ule alikuwa ameshakisemea kivuko hicho bungeni kabla. Alisimama, akauliza, akajibiwa. Injini mpya zikafungwa miezi michache kabla. Kwa hiyo siyo kwamba hakuna aliyeuliza. Aliuliza kuhusu chombo, akajibiwa kuhusu injini, na idadi ya watu wanaopanda siku ya gulio haikupata mtu wa kuishikilia kila siku pale kwenye kivuko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa gatini. Yeye anamtaka Sokoine arudi. Mimi nasema Bunge la leo lina vitu ambavyo Sokoine hakuvikuta. Kuna kamati ya miundombinu, kuna ripoti ya Mkaguzi Mkuu inayosomwa hadharani, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Mwaka 2012 ripoti ya ukaguzi iliwasha moto bungeni na mawaziri kadhaa wakaondolewa, wa uchukuzi akiwemo. Enzi za Sokoine hilo ungeliota tu, chama kilikuwa juu ya Bunge na aliyesema sana aliweza kupoteza kiti. Kilichokuwepo ni mtu mmoja mwenye wivu na kazi yake, anayefuatilia mwenyewe. Alipokufa Dakawa ufuatiliaji ukafa naye jioni ileile, kwa sababu ulikuwa wake, haukuwa wa Bunge. Sasa tuna kamati na ripoti na shilingi ya kushikwa, na bado nilitumwa dirisha hadi dirisha na bibi kakaa juani. Labda vyote viwili vinahitajika, mlango wa kuulizia na mtu asiyelala mpaka jibu lifike Nansio. Sijui, nyie mnaonaje?

Wadau wenye babu na bibi waliosafiri na Clarias au Victoria miaka ya 1970, hebu waulizeni kabla hawajachoka kusimulia, meli ilikuwa inaondoka saa ngapi na nauli ilikuwa kiasi gani. Andikeni hapo chini, mimi nitakusanya. Na kama nimekosea tarehe yoyote nisahihisheni, bila matusi tafadhali, yule mdau wa mara ya mwisho anajijua.

Bibi yangu nilimuuliza kama anamkumbuka Sokoine. Alisema anakumbuka alikuwa anamenya mihogo, redio ya jirani ikapiga muziki wa maombolezo, na mihogo ile haikupikwa usiku huo. Ana kliniki tena Mwanza mwezi ujao, Jumanne. Nimeshapita gatini kuuliza kama chombo kitakuwepo, wameniambia nirudi Jumatatu.